Tela Nyuma ya Gari la Familia: Mzigo Ukae Wapi?

Tangu zamani binadamu ametambua kwamba kukokota mzigo ni rahisi kuliko kuubeba. Ng'ombe aliyefungwa nira hukokota magunia ambayo asingeweza kuyachukua mgongoni, na mchukuzi wa sokoni hupeleka kwa mkokoteni wake shehena ambayo watu watano wasingeweza kujitwisha. Tela linalovutwa na gari ni mkokoteni wa namna hiyo hiyo. Tofauti kubwa iliyopo ni mwendo. Mkokoteni huenda kwa mwendo wa mtu atembeaye, ilhali tela huenda kwa kilometa 80 kwa saa au zaidi. Kwa sababu hiyo, kosa la upakiaji ambalo kwa mchukuzi huleta usumbufu tu, kwa dereva huweza kuleta maafa.

Magari ya familia yenye viti saba, yaitwayo minivani, yalianza kupata umaarufu katika miaka ya 1983 na 1984, wakati Chrysler ya Marekani ilipotoa Dodge Caravan na Plymouth Voyager, na Renault ya Ufaransa ikatoa Espace. Huko Marekani familia nyingi huyatumia magari haya kuvuta matela madogo yenye mashua, vifaa vya kambi, au vyombo vya nyumba wakati wa kuhama. Minivani nyingi zinazouzwa nchini humo, zikiwa zimefungwa vifaa vinavyotakiwa, huruhusiwa na watengenezaji kuvuta tela lisilozidi ratili 3,500, yaani karibu kilo 1,600. Madereva wengi huikariri tarakimu hiyo na kudhani kwamba asiyeivuka yumo salama. Sayansi inaonyesha kwamba sivyo. Kiasi cha mzigo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mahali mzigo ulipowekwa.

Somo la mkokoteni

Mchukuzi stadi hapakii ovyo. Huyapanga magunia ili sehemu kubwa kidogo ya uzito iwe mbele ya ekseli, na vishikio vya mkokoteni vilemee mikono yake kwa kiasi. Magunia yakizidi nyuma, vishikio hupanda juu na mkokoteni hutaka kumwinua. Yakizidi mbele, mikono huchoka upesi. Mkokoteni ni wenzo, na ekseli ndiyo egemeo lake.

Tela la magurudumu mawili hufuata kanuni hiyo hiyo. Badala ya mikono ya mchukuzi pana kiungio kilichofungwa nyuma ya gari, na juu yake hulala mkono wa tela. Uzito unaokilemea kiungio hicho ndio unaoamua utulivu wa safari. Mwongozo wa kawaida nchini Marekani ni kwamba uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela pamoja na shehena yake.

Chukua mfano wa tela lenye jumla ya kilo 800, ambalo ekseli yake iko meta 2 nyuma ya kiungio. Ikiwa kitovu cha uzito kiko sentimeta 25 mbele ya ekseli, uzito unaolemea kiungio ni 800 mara 0.25, kugawa kwa 2, yaani kilo 100. Hizo ni asilimia 12.5, na tela limepakiwa vyema. Sasa mwenye gari aondoe masanduku yenye kilo 200 na kuyasogeza nyuma kwa meta 1. Uzito kwenye kiungio utapungua kwa 200 mara 1, kugawa kwa 2, yaani kilo 100. Kiungio hakina tena kinachokilemea. Shehena ni ile ile na jumla ni kilo 800 zile zile, lakini tela lililokuwa salama limekuwa la hatari. (Uzito umetajwa hapa kwa kilo kama ilivyo desturi ya mizani ya dukani. Mwanafunzi anayetaka kani kwa nyutoni na azidishe kwa 9.8.)

Kwa nini kisizidi kiasi

Huenda msomaji akauliza: ikiwa uzito wa mbele huleta utulivu, kwa nini shehena yote isiwekwe mbele? Jibu liko katika gari lenyewe. Minivani nyingi huendeshwa na magurudumu ya mbele, na magurudumu hayo hayo ndiyo yanayopokea amri za usukani na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Kiungio kiko nyuma ya ekseli ya nyuma. Kwa hiyo gari nalo huwa wenzo, na egemeo lake ni ekseli hiyo.

Tuseme umbali kati ya ekseli mbili za gari ni meta 3, na kiungio kiko meta 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 100 zikilemea kiungio, ekseli ya mbele itapunguziwa 100 mara 1.2, kugawa kwa 3, yaani kilo 40. Ekseli ya nyuma itaongezewa kilo 140. Upungufu wa kilo 40 unavumilika. Upungufu mkubwa zaidi huwanyima magurudumu ya mbele msuguano wa kutosha, hasa barabara inapokuwa na maji, na dereva akikata kona gari husita kutii. Zaidi ya hayo, kilo 100 za kiungio ni sehemu ya mzigo wa gari, sawa na mtu mzima mmoja na mfuko wake. Familia iliyojaza viti vyote saba inapaswa kuzihesabu.

Kuyumba kwa tela

Tela likisukumwa kando na upepo, au na lori linalopita kwa kasi, huanza kuyumba kulia na kushoto kama pendulamu iliyolazwa. Matairi yake hulirudisha kwenye mstari, likapitiliza upande wa pili, likarudi tena. Katika mwendo mdogo kila myumbo huwa mdogo kuliko uliotangulia, na baada ya muda mfupi tela hutulia. Kadiri mwendo unavyoongezeka, ndivyo utulivu huo unavyochelewa. Hatimaye hufikiwa mwendo ambao myumbo haufi. Ukivukwa, kila myumbo huwa mkubwa kuliko uliopita, kwa kuwa tela huchota nishati kutoka katika mwendo wa gari lenyewe.

Mwendo huo wa hatari haulingani kwa matela yote. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa tela ambalo sehemu zake ziliweza kubadilishwa. Walionyesha kwamba uzito unaolemea kiungio, mahali pa ekseli, na jinsi mzigo ulivyotawanywa kutoka katikati ya tela ni mambo yenye athari kubwa. Jumla ya uzito peke yake haikuwa na athari kubwa hivyo. Ndiyo maana vitu vizito huwekwa chini na karibu na ekseli, mbele yake kidogo. Vikiwekwa kwenye ncha mbili za tela, hata kama vinasawazana, huliongezea ukaidi wa kuzunguka, na myumbo ukishaanza ni vigumu kuuzima.

Dereva anayeona tela linayumba aondoe mguu kwenye mafuta na kuushika usukani imara bila kuuzungusha huku na huku. Asikanyage breki kwa nguvu, maana gari hupunguza mwendo kabla ya tela, nalo tela hulisukuma kutoka nyuma na kulipinda. Wala asiongeze mwendo akitumaini kulinyoosha, kwani mwendo ndio chanzo cha tatizo. Ikiwa tela lina breki zake zinazoweza kutumiwa peke yake, hizo zikikazwa polepole hulivuta tela nyuma na kulirudisha kwenye mstari.

Kusimama na kuteremka

Gari la kilo 2,200 pamoja na abiria wake, likivuta tela la kilo 800, hufanya jumla ya kilo 3,000. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, nishati-mwendo yake ni karibu kilojuli 741. Kwa kilometa 100 kwa saa ni karibu kilojuli 1,157. Mwendo umeongezeka kwa robo moja, na nishati imeongezeka kwa zaidi ya nusu.

Ikiwa breki za gari peke yake zinaweza kulisimamisha kutoka kilometa 80 kwa saa katika meta 35, kani ile ile ikitakiwa kusimamisha pia tela lisilo na breki, umbali huwa karibu meta 48. Hapo hazijahesabiwa meta 22 ambazo gari hupita katika sekunde moja ya dereva kushtuka na kukanyaga breki. Nafasi inayotosha kwa gari tupu haitoshi kwa gari lenye tela.

Mteremko una hatari yake. Gari na tela vya kilo 3,000 vikishuka kimo cha meta 500, nishati inayopaswa kuondolewa ni karibu kilojuli 14,700. Nishati hiyo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 46 za maji kutoka nyuzi 25 za Selsiasi. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na matairi, lakini dereva akitegemea breki tu, sehemu kubwa huwa joto katika vyuma vya breki. Mafuta ya breki yakichemka, kanyagio huzama na gari halisimami. Madereva wa malori yenye matela wanaoteremka Mlima Kitonga mkoani Iringa huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini ilizuie gari. Mwenye gari la familia hana budi kufanya vivyo hivyo.

Kabla ya safari

Uzito wa kiungio hupimika kwa urahisi. Tela likiwa limesimama sawasawa na magurudumu yamewekewa vigingi, mkono wake huwekwa juu ya mizani badala ya kiungio, na tarakimu husomwa. Baada ya hapo zikaguliwe taa za nyuma, upepo wa matairi, na minyororo ya usalama, ambayo hupishanishwa chini ya mkono wa tela ili iudake ukichomoka.

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi swali hili. Tela la mfano wa hapo juu limepimwa, na mizani inaonyesha kilo 40 tu. Ndani yake mna sanduku la vyombo lenye kilo 150. Lisogezwe mbele kwa kiasi gani ili mizani isome kilo 100? Jibu ni sentimeta 80. Ni kazi ya dakika chache kwa watu wawili, nayo hufanywa gari likiwa bado nyumbani.