Nguru: mwindaji wa bahari ya joto anayevuliwa kabla hajazaa

Katika vyakula vinavyowaunganisha Waswahili popote walipo, nguru ana nafasi yake ya pekee. Utamkuta Feri Dar es Salaam, Darajani Unguja na katika soko la samaki la Mutrah huko Maskati. Walioko Ulaya humpata akiwa vipande vilivyogandishwa. Tunamjua wa kukaanga, wa kupaka na wa mchuzi wa nazi. Lakini wengi wetu tunamjua akiwa sahanini tu, na maisha yake huko baharini hatuyajui.

Leo tumeona tuwaletee wasomaji wetu habari za samaki huyu, kwa sababu kuna jambo linalotugusa sote. Tabia zinazomfanya nguru awe mwindaji hodari ndizo hizo hizo zinazomfanya awe rahisi kuvuliwa, na idadi yake imepungua.

Jina lake na umbo lake

Wataalamu wanamwita Scomberomorus commerson. Jina hilo alipewa na Mfaransa Lacepède mwaka 1800, kwa heshima ya Philibert Commerson, mtaalamu wa viumbe aliyezunguka bahari na msafara wa Bougainville na kufariki Mauritius mwaka 1773. Waarabu wa Oman wanamwita kanaad, na Wahindi wa Mumbai wanamwita surmai.

Hapa pana jambo la kuangalia. Kwenye pwani yetu yupo jamaa yake anayeitwa kanadi, na mtu aliyetoka Mombasa au Unguja akisikia kanaad sokoni Maskati anaweza kudhani ndiye huyo. Siye. Njia nyepesi ya kuwatofautisha ni kutazama ubavu. Nguru ana mistari mingi ya wima, iliyojipinda kidogo kama mawimbi, inayoshuka kutoka mgongoni kwenda tumboni. Kanadi mistari yake imelala, inatoka kichwani kuelekea mkiani, tena imekatikakatika.

Nguru ni samaki mrefu na mwembamba. Mgongo wake ni wa kijivu chenye samawati na ubavu ni wa fedha. Mkia wake umegawanyika kama mwezi mwandamo. Nyuma ya mapezi makubwa, juu na chini, ana safu ya vipezi vidogo vidogo mpaka karibu na mkia. Pezi la kwanza la mgongoni ni la samawati iliyokolea, lakini rangi hiyo hufifia upesi akishatolewa majini, ndiyo maana wanunuzi wengi hawajapata kuiona.

Nguru wengi wanaofika sokoni hawafikii mita moja. Hata hivyo akiachwa akue anaweza kupita mita mbili, na wamewahi kupatikana wa kilo 70. Majike huwa wakubwa kuliko madume. Wengine huishi zaidi ya miaka 15.

Anakoishi

Makazi yake ni bahari za joto, kuanzia Bahari ya Shamu na Afrika Kusini, kupitia pwani ya Afrika Mashariki, Ghuba, Bara Hindi na Asia ya Kusini Mashariki, mpaka Japani na Australia. Baada ya Mfereji wa Suez kuchimbwa, alipenya hata Mediterania, na tangu miaka ya 1930 amekuwa akionekana mashariki ya bahari hiyo.

Tofauti na jodari wakubwa wanaokaa mbali katika kilindi, nguru hapendi kwenda mbali na nchi kavu. Hukaa kandokando ya miamba, penye mteremko wa bahari, na kwenye maji ya kina cha mita 10 hadi 70. Watoto wake husogea karibu zaidi, kwenye ghuba na maji ya ufukweni. Wako nguru wanaosafiri masafa marefu wakifuata pwani, na wako wanaobaki eneo moja mwaka mzima.

Anavyowinda

Nguru hula dagaa, simu, ngisi na kamba, lakini hasa samaki wadogo wanaokwenda makundi. Meno yake ni bapa, ya pembetatu, makali kama wembe, na yamepangwa safu moja. Hana haja ya kumeza windo zima, kwani hulikata vipande viwili kwa pigo moja. Wavuvi wanalijua hilo, ndiyo maana wanaomvua kwa ndoana hufunga waya mbele ya mshipi. Bila waya, mshipi hukatwa na samaki huenda zake.

Akishambulia kutoka chini huja kwa kasi, na mara nyingine huruka juu ya maji na windo likiwa mdomoni. Wadogo huwinda kwa makundi. Wakubwa wengi hutembea wachache wachache au peke yao.

Anakokwenda dagaa, nguru naye yuko nyuma. Katika pwani ya Dhofar na Bahari ya Arabu, pepo za kusi huyasukuma maji ya juu yaondoke pwani, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini. Rutuba hiyo huleta dagaa kwa wingi, na dagaa humleta nguru.

Sifa inapogeuka mtego

Hapo ndipo penye tatizo. Samaki anayekwenda kundi, anayepita karibu na pwani na kurudi kila msimu akifuata chakula, hana pa kujificha. Mvuvi hahitaji meli kubwa kumpata. Boti ndogo na nyavu za jarife zinatosha, na wavu hauchagui aliyekwisha kuzaa na ambaye bado.

Oman ni mfano mzuri wa kuangalia. Mwaka 1988 nchi hiyo ilivua zaidi ya tani 27,000 za nguru. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yameshuka mpaka sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Nayo Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli na ambayo Oman, Kenya, Tanzania na Komoro ni wanachama, katika tathmini zake za miaka ya 2010 ilimweka nguru kwenye orodha ya samaki wanaovuliwa kupita kiasi.

Serikali ya Oman haikukaa kimya. Kila mwaka, tangu tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba, uvuvi na biashara ya nguru hufungwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaana na kukua. Umoja wa Falme za Kiarabu nao una msimu wake wa kumfunga nguru. Vile vile Oman imekataza kuvua nguru aliye chini ya sentimita 65.

Hatua hizo ni nzuri, lakini tuangalie hesabu yake. Tafiti zilizofanywa katika pwani za Oman na Falme za Kiarabu zimeonyesha kwamba nguru jike huanza kuzaa akiwa na takriban miaka miwili, na urefu wake kwa kawaida umeshapita sentimita 80. Maana yake ni kwamba samaki wa sentimita 70 yuko halali mbele ya sheria, na huku hajaacha hata kizazi kimoja baharini. Akiuzwa yeye na wenzake elfu, kizazi kizima kimeondoka.

Hatusemi mvuvi aache kuvua. Familia nyingi, kuanzia Sur mpaka Shimoni na Mafia, zinaishi kwa bahari, na mvuvi wa ngalawa siye aliyeleta upungufu huu peke yake. Lakini nguru hukua haraka katika miaka yake ya mwanzo. Akipewa mwaka mmoja zaidi majini, atampa mvuvi kilo nyingi zaidi na bahari mayai mengi zaidi. Hasara ya kumwahi ni ya mvuvi kabla haijawa ya mtu mwingine.

Sisi wanunuzi nasi tuna sehemu yetu. Msimu ukifungwa, tusimtafute nguru wa mlango wa nyuma. Kolekole na changu wapo. Na msimu ukifunguliwa, tumtazame samaki kabla ya kuulizia bei. Nguru asiyefika urefu wa mkono wa mtu mzima, kutoka begani hadi ncha za vidole, bado ni mtoto. Muuzaji akiona wadogo hawanunuliwi, mvuvi naye atapata habari.