Kumfuata Mtoto Ng'ambo ya Bonde: Je, Inalipa?

Chome, wilayani Same, chini ya Mlima Shengena, umbali hauhesabiwi kwa kilomita. Nyumba unayoiona ng'ambo, moshi wa jikoni ukipanda, inaweza kukuchukua saa nzima kuifikia, maana lazima ushuke hadi kwenye kijito ndipo uanze kupanda. Kwa hiyo mama anayelea watoto wa wenzake nyumbani asiharakishe kujibu pale mzazi wa kitongoji cha mbali anapomwambia: "Mama, kulipa nitalipa, ila naomba uwe unamfuata asubuhi na kumrudisha jioni."

Tufanye hesabu ya mfano. Una watoto 5, kila mmoja analipiwa shilingi 1,000 kwa siku, unakaa nao saa 10. Hiyo ni shilingi 500 kwa saa, kabla hujatoa uji na kuni. Huyu wa sita ataleta 1,000 ya malezi na 2,000 ya kufuatwa. Kwenda na kurudi ni saa 1 na dakika 45; safari mbili ni saa 3 na nusu. Elfu mbili kwa muda huo ni kama shilingi 570 kwa saa. Kwa macho, inalipa.

Lakini wale 5 umewaacha na nani? Asubuhi labda utawahi kabla hawajaletwa, ukitoka saa 12 na kuiacha nyumba yako bila chai. Jioni huna nafasi hiyo: ukisubiri wa mwisho achukuliwe, giza litakukuta njiani. Jirani akikushikia nafasi safari zote mbili kwa 1,500, unabaki na 500 kwa saa 3 na nusu za mlima. Hazifiki shilingi 150 kwa saa. Na wazazi wa wale 5 walikuamini wewe. Jirani yako hawakumchagua.

Bodaboda haiponyi tatizo hili. Nauli ya kwenda na kurudi huila ile elfu mbili yote, na kanuni za usafirishaji kwa pikipiki haziruhusu kumpakia mtoto aliye chini ya miaka 9. Wengi wanawapakia, tena kwa mishikaki, mtoto akibanwa kati ya dereva na mama. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu uliolowa, mimi nasema hapana, hata kama mzazi mwenyewe ameridhia.

Kisha kuna mvua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli mwishoni mwa mwaka, hubadilisha kila kitu. Mtoto wa miaka 3 aliyevaa yeboyebo huteleza kila hatua ya tatu. Baada ya dakika kumi anakaa chini na kunyoosha mikono abebwe. Unamfunga mgongoni kwa kanga, ukungu umeziba njia, na mkono mmoja umeshika fimbo. Wakiwa wawili, mgongo ni mmoja.

Safari inayolipa ipo. Watoto wa darasa la awali hutoka shuleni mapema kuliko wa madarasa ya juu. Ukiwafuata 3 au 4 kwenye geti moja, mwendo ni uleule na kila mzazi anachangia. Nyingine ni ya kukutana katikati: mama anayekwenda shambani amfikishe mtoto dukani au njiapanda, wewe umpokee hapo. Dakika 20 badala ya saa nzima, na hata shilingi 500 inakuwa pesa ya maana. Nimependa mpango huu kuliko yote kwa sababu mzazi naye anatembea, na akitembea anaelewa anachokulipa.

Mapatano yaandikwe kwenye daftari, mzazi aweke sahihi: saa ya kukutana, utamsubiri kwa muda gani, siku ya mvua kubwa nani analeta, na nani mwingine anaruhusiwa kumchukua mtoto. Hilo la mwisho usilifanyie aibu. Hata akija mjomba wake, kama jina halimo daftarini, mpigie mama kwanza. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe. Nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri ya Same, umweleze idadi ya watoto ulionao na kwamba unawafuata njiani.

Mtoto wa ng'ambo asiye na mwenzake kwenye njia hiyo, na ambaye mzazi wake hawezi kumfikisha hata nusu ya mwendo, usimpokee kwa ahadi ya kumfuata kila siku. Mwambie mama yake mapema, kabla masika hayajaanza, ili apate muda wa kutafuta mlezi wa upande wake wa bonde.