Mchanga Uimbao na Mchanga wa Kolo Usioimba

Katika kufundisha mada ya sauti, mwalimu wa shule ya msingi aghalabu huanzia kwenye ngoma, filimbi na uzi wa zeze. Vitu hivyo vinafaa, kwa kuwa mwanafunzi huviona na kuvigusa. Lakini yako mambo mengine yenye mafunzo makubwa ambayo mwanafunzi wa Kolo, wilayani Kondoa, huenda asiyaone maishani mwake. Mojawapo ni mchanga uimbao. Makala haya yanakusudia kumweleza mwanachuo mambo mawili: mchanga huo ni nini, na namna ya kuufundisha katika shule iliyo mbali na bahari na jangwa bila ya kuwakaririsha wanafunzi maneno matupu.

1. Aina mbili za mchanga uimbao

Aina ya kwanza hupatikana katika baadhi ya fukwe. Ufuko wa Porthor huko Wales ni mmojawapo. Mwingine ni Kotohikihama nchini Japani. Mgeni afikapo huko hutembea juu ya mchanga mkavu, mbali kidogo na maji, huku akiburuta nyayo. Kila hatua hutoa mlio mfupi na mwembamba, mfano wa kiatu kipya kinacholia sakafuni. Mlio huo huwa na mitetemo baina ya 500 na 2,500 hivi kwa sekunde. Akisogea penye mchanga uliolowa, mlio hukoma.

Aina ya pili hupatikana katika vilima vya mchanga vya jangwani. Kwetu mfano ulio karibu ni Oman, nchi ambayo Waswahili wengi wana jamaa zao. Karibu na mji wa Al Ashkharah, katika pwani ya mashariki, viko vilima ambavyo mchanga wake ukiporomoka hutoa sauti nzito ya kuvuma, kama lori lipandalo mlima kwa mbali. Sauti hiyo ina mitetemo kati ya 90 na 150 hivi kwa sekunde, na huendelea maadamu mchanga unateremka.

2. Sababu ya mlio

Mwanachuo aanze na kitu ambacho wanafunzi wanakijua, yaani kayamba. Kayamba likitikiswa, mbegu zilizomo hugongana kila moja kwa wakati wake, nasi husikia mchakacho tu. Mchanga wa kawaida ukimwagwa huchakacha vivyo hivyo. Mchanga uimbao hutofautiana kwa jambo moja: chembe zake zikiteleza hupandana na kushuka kwa pamoja, mara nyingi kwa kila sekunde, kama watwangaji wanaopokezana michi bila kupotezana. Mtetemo huo wa pamoja husukuma hewa iliyo juu ya mchanga, na sikio husikia sauti moja.

Ili chembe ziende pamoja, yako masharti. Kwa kawaida huwa za kwatzi, lile jiwe gumu ling'aalo kama kioo, huwa zimeviringana kwa kusuguana muda mrefu, huwa ndogo, nyingi zikiwa na upana wa kati ya sehemu 1 na sehemu 5 za kumi za milimita, hulingana ukubwa, tena huwa safi na kavu. Mwaka 2012 wanasayansi kutoka Ufaransa walitangaza matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa mchanga wa Oman. Walipouchekecha wakabakiza chembe zenye ukubwa unaokaribiana, sauti iliyokuwa imechanganyika ikawa moja iliyo wazi, ya mitetemo 90 hivi kwa sekunde.

Kuhusu namna chembe hizo zinavyopata kwenda sambamba, wataalamu bado wanajadiliana. Mwalimu asione haya kuwaambia wanafunzi hivyo. Mtoto anayejua kwamba liko swali ambalo halijajibiwa, anajua pia kwamba iko kazi inayomngoja.

3. Masimulizi na hoja

Huko Sinai, nchini Misri, uko mlima uitwao Jabal Naqus, na jina hilo lahusiana na kengele. Masimulizi husema kwamba nyumba ya watawa imefukiwa chini ya mchanga, na kwamba kengele yake ndiyo inayosikika. Wanafunzi watakapoulizwa sababu ya mchanga kulia, baadhi yao watataja mashetani au mizimu. Mwalimu asiwacheke wala asiwakaripie. Mtoto aliyechekwa hatasema tena. Aulize hivi: "Kama kengele iko chini ya mlima, mchanga ukichukuliwa ukapelekwa mbali, je, utalia?" Kisha awaeleze kwamba mchanga wa Oman ulipelekwa katika maabara, ukateleza juu ya ubao ulioinamishwa, nao ukalia. Hapo wanafunzi wataona wenyewe ni hoja ipi iliyosimama.

4. Kazi ya kufanywa Kolo

Wilaya ya Kondoa haina upungufu wa mchanga. Makorongo yake yamejaa mchanga ulioletwa na maji kutoka milimani, na mmomonyoko huo ndio uliosababisha kuanzishwa kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mifugo kuondolewa katika eneo lililoharibika zaidi mwaka 1979. Mchanga huu, basi, ni zana ya kufundishia isiyonunuliwa.

Kazi ifanywe wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua wanafunzi wasipelekwe korongoni kamwe, hata kama mbingu ni nyeupe, kwa sababu mvua inyeshayo milimani huweza kuleta maji kwa ghafula. Tena wasichimbe chini ya kingo, zisije zikawaangukia.

Hatua ni hizi:

(a) Kila kikundi kichukue kopo moja la mchanga, kiuangalie juu ya karatasi nyeupe, na kiandike rangi, ukubwa na umbo la chembe.

(b) Nusu ya mchanga iachwe kama ilivyo. Nusu nyingine ichekechwe kwa chekeche, ioshwe mpaka maji yawe maangavu, kisha ianikwe hadi ikauke kabisa.

(c) Kila nusu itiwe katika bakuli na kusukumwa kwa nguvu kwa ncha butu ya mchi mdogo. Wanafunzi wasikilize kwa utulivu.

(d) Kila kikundi kiandike kilichosikika, si kile kilichotarajiwa.

Yaelekea mchanga hautaimba. Chembe za korongoni huwa kubwa kwa ndogo, nyingi zina pembe, na udongo umeshikamana nazo. Hapo ndipo walimu wengi wageni wa kazi hufadhaika, wakaliita somo limeshindwa au wakawadokezea wanafunzi kwamba wamesikia kitu. Kufanya hivyo ni kumfundisha mtoto kwamba mwalimu huridhishwa na jibu lolote, hata la uongo. Afadhali aulize: "Ni sharti lipi lililokosekana? Kuosha kulibadili nini? Kuchekecha kulibadili nini? Ni sharti gani ambalo sisi hatuwezi kulirekebisha?" Umbo la chembe, kwa mfano, halirekebishwi kwa maji wala kwa chekeche.

Mwalimu akiweza kupata mchanga mweupe kutoka fukwe za Zanzibar, auweke kando ya ule wa Kolo na kudondoshea kila mmoja maji ya limau au siki. Ule wa Zanzibar, ambao sehemu yake kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, utatoa mapovu. Wa Kolo hautarajiwi kutoa. Hivyo wanafunzi watatambua kwamba neno moja "mchanga" hutaja vitu vyenye asili mbalimbali.

5. Kupima maarifa

Wanafunzi waelezwe pia kwamba katika ufuko wa Kotohikihama uvutaji wa sigara umepigwa marufuku, kwa kuwa hata majivu na uchafu mdogo huweza kuunyamazisha mchanga. Kisha waulizwe sababu yake ni nini. Atakayejibu kwamba uchafu huzuia chembe zisiende pamoja, huyo ameelewa. Katika kusahihisha daftari, alama zisitolewe kwa kuandika kwamba mchanga uliimba au haukuimba. Zitolewe kwa mwanafunzi aliyeandika alichokisikia na akakitolea sababu.