Tetemeko la Nchi na Nyumba ya Shule

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, nchi ilitetemeka katika Bukoba, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Kipimo chake kilikuwa 5.9. Watu wasiopungua 17 walikufa, zaidi ya 250 waliumizwa, na nyumba kwa maelfu zilibomoka au kupasuka. Shule mbili kubwa, Ihungo na Nyakato, ziliharibika hata zikafungwa kwa muda. Kama tetemeko hilo lingalikuja Jumatatu asubuhi, madarasa ya shule za msingi yangalikuwa yamejaa watoto, na hesabu ya waliokufa ingalikuwa nyingine.

Toka Bukoba hata Musoma, kwa kukata ziwa, ni kama kilometa 220. Mtu wa Musoma aweza kudhani kwamba jambo hilo ni la watu wa ng'ambo tu. Lakini akitazama ramani ataona kwamba Bonde la Ufa lina mikono miwili. Wa magharibi wapita penye maziwa ya Tanganyika na Kivu. Wa mashariki wapita penye ziwa Natron na mlima Ol Doinyo Lengai. Mkoa wa Mara uko katikati. Katika mikono hiyo miamba huvutwa pande mbili, polepole sana, kwa miaka mingi. Ikishindwa kustahimili hukatika ghafula, na mshtuko wake husafiri mbali. Mwezi wa Julai 2007 nchi ilitetemeka mara nyingi karibu na Lengai, na mtikisiko ukasikika hata Nairobi. Basi Musoma, Bunda na Butiama haziko penye hatari kubwa kama nchi zilizo ndani ya Bonde lenyewe, walakini hazikuepushwa kabisa. Wala hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku na saa.

Mtu aliyesimama uwanjani wakati wa tetemeko huyumba tu, pengine huanguka, kisha huinuka. Kiuacho watu ni ukuta na paa. Kwa hiyo habari ya usalama wa watoto ni habari ya ujenzi kwanza.

Matofali mabichi yaliyoungwa kwa udongo hubeba mzigo vizuri nchi ikiwa imetulia, lakini yakisukumwa kwa ubavu huachana mara moja. Matofali yaliyochomwa ni bora, yakiwa yameiva kweli: fundi hugonganisha mawili, na yaliyoiva hulia wazi kama chuma. Tena yataka kuungwa kwa saruji. Lakini jambo kubwa kupita yote ni lenta, yaani mkanda wa zege wenye nondo ndani, uzungukao nyumba nzima juu ya milango na madirisha bila kukatika mahali popote. Kazi yake ni kama ya kamba ifungayo mzigo wa kuni. Ukuni mmoja uliosimama peke yake huangushwa na mtoto, bali mzigo uliofungwa husimama. Wako wajengao lenta juu ya mlango tu ili kupunguza gharama. Huo ni ubahili wa hasara, maana kuta nne zisizofungwa pamoja huanguka kila moja upande wake. Hata ile sehemu ya ukuta yenye pembe tatu, chini ya paa, yafaa kufungwa, kwa kuwa hiyo mara nyingi ndiyo itanguliayo kuanguka.

Mahali pa kujenga pia pana maana. Jabali gumu, kama mawe makubwa ya Musoma, hutikisika kidogo kuliko udongo laini. Katika mbuga za Bunda udongo mweusi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, nao huzipasua kuta hata pasipo tetemeko lolote.

Nchi nyingine zilijifunza kwa shida. Huko Long Beach, Marekani, tarehe 10 Machi 1933, shule 70 ziliharibika kabisa jioni, watoto wakiwa wamekwisha kwenda makwao. Mwezi mmoja baadaye sheria ilitolewa katika California kwamba kila shule ya serikali ijengwe kwa kuhimili matetemeko. Katika Armenia, tarehe 7 Desemba 1988, tetemeko lilikuja kabla ya adhuhuri, watoto wakiwa madarasani. Watu wasiopungua 25,000 walikufa, na wanafunzi wengi walikuwa miongoni mwao.

Katika darasa lililojengwa imara, mwanafunzi huingia chini ya dawati, hufunika kichwa na shingo, na kushika mguu wa dawati mpaka mtikisiko ukome, mbali na madirisha. Hapo ndipo wote hutoka bila kusukumana, kwenda mahali peupe palipo mbali na kuta na nguzo za umeme. Baada ya mtikisiko wa kwanza huja mingine, nayo huangusha kuta zilizokwisha kupasuka. Kwa hiyo hakuna arudiye ndani kuchukua daftari, hata mtu ajuaye ujenzi awe amekwisha kuzikagua kuta.