Kijana Aendaye Ng'ambo na Kadi ya Mkopo

Katika mji wetu wa Morogoro, mtu aliyeishiwa na fedha kabla ya mwisho wa mwezi hufanya jambo lijulikanalo na wote. Huenda katika duka la mtaani kwake, akachukua unga, sukari na sabuni, na mwenye duka akafungua daftari lake akaandika jina na kiasi. Mwenye duka anamjua mkopaji, anaijua kazi yake na nyumba alalamo, na deni likikua humwambia, "Ndugu yangu, tumalize kwanza haya ya nyuma." Huko juu milimani, Kinole na Mkuyuni, mkulima wa ndizi na viungo naye hupata chumvi na mafuta kwa ahadi ya kulipa siku ya mavuno. Deni la namna hii lina uso. Anayekopa na anayekopesha huonana msikitini na huonana msibani, na kwa hivyo kila mmoja humwonea mwenziwe haya.

Nimeanza kwa khabari za daftari kwa kuwa nataka kusema na vijana wetu waendao ng'ambo, na wazazi wanaowasafirisha, juu ya daftari jingine ambalo halina uso. Nalo ni kadi ya mkopo. Mimi si mtu wa benki. Elimu yangu ni ya chuo cha Qur'ani na shule ya msingi, na kazi yangu ni kusomesha watoto. Lakini waliokuwa wanafunzi wangu leo wamo Dubai, Maskati, Uingereza na Marekani, na mara kwa mara huniletea maswali. Mmoja wao amenifundisha mimi mwalimu wake somo ambalo sitalisahau, naye ameniruhusu nilieleze bila ya kumtaja jina.

KHABARI ZA KIJANA MMOJA

Kijana huyo kwao ni Uluguru. Alikwenda Dubai akapata kazi ya ukarani kwa mshahara wa dirham 6,000 kwa mwezi. Haikutimia miezi sita akakutana na wakala wa benki katika jumba la maduka, mtu mwenye maneno matamu, akamwambia kuwa yeye amestahili kupewa kadi yenye kikomo cha dirham 12,000, na kwamba mwaka wa kwanza hapana ada. Alitakiwa kitambulisho cha ukaazi, hati ya mshahara na sahihi yake. Karatasi zilikuwa nyingi na maandishi yake madogo. Akatia sahihi hali amesimama.

Hapo mwanzo aliitumia kwa uangalifu. Kisha ikaja Idd, akakata tiketi ya kuja nyumbani kwa kadi hiyo. Akanunua simu mbili, moja yake na moja ya dada yake. Mama yake akamwambia kuwa nyumba inavuja. Akaenda kwenye mashine ya benki, akatoa fedha taslimu kwa kadi ile ile, akazituma. Na mimi pia nikampigia simu. Bati za chuo chetu zilikuwa zimetoboka, na wakati wa masika watoto walisoma wamejikusanya katika pembe moja. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe sasa Mungu amekufungulia, tusaidie." Hakusema kuwa hana. Baada ya siku mbili fedha zikafika, tukanunua bati, tukamwombea dua.

Miezi ikapita na deni likafika dirham 10,000, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 6 za kwetu. Kila mwezi benki ilimtaka alipe angalau 5 kwa mia ya deni, naye akalipa hicho tu, akidhani kuwa deni linakwisha. Ghafula kampuni ikapunguza watu, naye akawa miongoni mwao. Kiinua mgongo chake kilipoingia benki kilizuiliwa, na hata hivyo hakikutosha. Akabaki hana kazi, hana fedha, na anaogopa hata kwenda uwanja wa ndege asije akaambiwa kuwa amezuiwa kusafiri.

Khabari zikamfikia mama yake, na kutoka kwa mama zikafika kwa mjomba. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ni mtu mkubwa katika mambo ya ukoo na ardhi yake. Mjomba akaitisha kikao. Walikuwapo waliotaka shamba liuzwe. Akakataa, akasema kuwa shamba la ukoo si la mtu mmoja, na waliozikwa humo hawawezi kuulizwa. Wakauza mbuzi na mavuno ya ndizi, na kila ndugu akatoa alichokuwa nacho.

Mimi nilipopata khabari hizo nilikuwa ndani ya chuo. Nikainua macho nikaziona zile bati. Wazazi wa watoto tukachanga kadiri ya thamani yake, tukampelekea mjomba. Hatukuzihesabu tena kuwa ni sadaka ya kijana. Tulizihesabu kuwa ni deni letu.

KADI SI ZOTE MOJA

Yampasa kijana ajue kuwa kadi zafanana kwa umbo na hazifanani kwa hukumu. Iko kadi ya fedha zako mwenyewe: ukinunua kitu, fedha hutoka papo hapo katika akiba yako, na akiba ikiisha kadi hukataa. Iko kadi ya kutia fedha kwanza, kisha ukatumia kile ulichotia. Na iko kadi ya mkopo, ambayo benki hulipa kwa niaba yako, kisha hukudai. Ukilipa deni lote katika muhula uliowekwa, ambao kwa benki nyingi hufika siku 50 hivi tangu mwanzo wa hesabu ya mwezi, hutozwi ziada juu ya manunuzi. Ukibakisha, riba huanza. Na fedha taslimu zitolewazo kwenye mashine kwa kadi ya mkopo aghalabu hazina muhula kabisa: ada hutozwa palepale, na riba huhesabiwa tangu siku ile ile.

Mambo haya hayakuzuka juzi. Kadi ya Diners Club ilianza New York mwaka 1950. Mwaka 1958 benki iitwayo Bank of America iliwapelekea watu wapatao 60,000 wa mji wa Fresno, huko California, kadi za mkopo kwa posta bila ya wao kuziomba. Uingereza ilipata Barclaycard mwaka 1966. Basi tangu mwanzo ni kadi iliyomtafuta mtu, si mtu aliyeitafuta kadi. Yule wakala wa jumba la maduka ana wazee wake.

Sasa tufanye hesabu, kwani hesabu haina uadui na mtu. Chukua deni la dirham 10,000, na riba ya 3 kwa mia kila mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni dirham 300, na deni huwa 10,300. Mdaiwa akilipa 5 kwa mia, atatoa dirham 515, na deni litapungua kwa dirham 215 tu. Akiendelea hivyo mwaka mzima asinunue hata kiberiti kwa kadi ile, atakuwa ametoa kiasi cha dirham 5,500, na deni litakuwa limepungua kwa kiasi cha 2,300 tu. Zile 3,200 zilizobaki zimekwenda katika riba. Huyo ni mtu anayeteka maji kwa pakacha.

HUKUMU YAKE KATIKA SHERIA

Uislamu haukuharamisha kukopa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu deni: liandikwe, na lishuhudiwe. Katika sura hiyo hiyo Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharamisha riba, na ameamrisha kuwa mdaiwa aliye katika dhiki angojewe mpaka apate. Tazameni tofauti iliyopo: sheria yetu yamtaka mwenye kudai ampe mdaiwa muda, na kadi humwongezea mzigo siku ile ile anaposhindwa.

Juu ya kadi zenyewe, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jidda, lilikutana Riyadh mwezi wa Septemba mwaka 2000. Likaamua kuwa haijuzu kutoa wala kutumia kadi ya mkopo ambayo ndani ya mapatano yake mna sharti la riba, hata kama mwenye kadi amenuia kulipa ndani ya muhula. Bali kadi isiyo na sharti hilo yajuzu, na benki yaweza kutoza ada maalumu kwa kazi iliyofanya. Wako wanavyuoni wengine waliomfanyia wepesi mtu aliye katika nchi isiyo na njia nyingine, kwa sharti kuwa awe na hakika ya kulipa lote kwa wakati. Mwenye haja ya namna hiyo na amwulize mwanachuoni anayemwamini, akimweleza hali yake ilivyo, wala asijitolee fatwa mwenyewe.

Na huko Ghuba njia ziko. Dubai Islamic Bank ilianzishwa mwaka 1975, na Oman ilipata benki yake ya kwanza ya Kiislamu, Bank Nizwa, mwaka 2013. Hapa kwetu Amana Bank ilifunguliwa mwaka 2011. Lakini neno "Kiislamu" lililoandikwa mlangoni halimwondolei mtu wajibu wa kusoma mapatano, wala halilifanyi deni kuwa zawadi.

WALIOKO UINGEREZA NA MAREKANI

Huko mambo yana sura nyingine. Mgeni hufika akaambiwa kuwa hajulikani, kwa kuwa hana kumbukumbu ya kukopa na kulipa. Marekani kumbukumbu hiyo hupewa alama, na alama zitumikazo sana ni kati ya 300 na 850. Jambo lenye uzito mkubwa ndani yake ni kulipa kwa wakati. Mwenye nyumba ya kupangisha aweza kuzitazama kabla ya kukupa ufunguo. Ndiyo maana vijana huambiwa, "Chukua kadi ujulikane."

Walakini ziko hatua zisizo na deni. Uingereza, Mtanzania aishiye huko kwa kibali ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, na kwa hivyo aweza kujiandikisha katika daftari la wapiga kura. Jina na anwani yake kuwamo humo humsaidia kutambulikana. Alipe kodi na umeme kwa wakati, na atumie kadi ya fedha zake. Marekani ziko kadi ambazo mtu huweka amana benki kwanza, na kikomo cha kadi huwa kadiri ya amana hiyo. Nazo humpunguzia mtu hatari ya kuzama, lakini mapatano yake huweza kuwa na sharti la riba. Basi lile nililolisema juu ya kumwuliza mwanachuoni lingali palepale.

NASAHA KWA MSAFIRI

Kwanza, usitie sahihi hali umesimama. Chukua karatasi, nenda nazo nyumbani, mtafute anayejua lugha hiyo akusomee. Uliza: Ada ni kiasi gani baada ya mwaka wa kwanza? Nikichelewa natozwa nini? Nikitoa taslimu je? Nikiachishwa kazi, kiinua mgongo changu kitafanywaje?

Pili, usitoe fedha taslimu kwa kadi ya mkopo ili kuzituma nyumbani. Tuma kutoka katika mshahara, na kama mshahara hautoshi, sema hautoshi.

Tatu, usidhani kuwa kuikata kadi kwa mkasi ndiko kuifunga. Kabla ya kuihama nchi, lipa, kisha idai benki barua isemayo kuwa huna deni, na uihifadhi. Katika Falme za Kiarabu, tangu Januari 2022 hundi iliyokosa fedha kwa kawaida si kosa la jinai kama zamani, lakini mdai aweza kwenda nayo mahakamani, na mahakama yaweza kumzuia mdaiwa asisafiri.

Nne, likikushinda, usijifiche. Nenda benki mapema uombe mpango wa kulipa, na uwaambie watu wako kweli. Siri ya deni hukua pamoja na deni.

NASAHA KWA SISI TULIOBAKI

Na sisi wa nyumbani tuna sehemu yetu. Kijana akiisha kupanda ndege twamwona tajiri. Huyu ataka simu, yule ataka karo, na mwalimu ataka bati. Hatumwulizi analipa kodi ya chumba kiasi gani, wala amekula nini. Naye huona haya kusema hana, kwa kuwa tumemwombea dua mbele ya watu. Basi kabla ya kumwomba, tumwulize hali yake, na tumwambie wazi, "Kama huna, hatukulaumu." Neno hilo ni rahisi kulisema, na laweza kumwepusha mtoto wetu na riba.

Tukumbuke kuwa Mtume wetu (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni, akajizuia kumsalia, mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba deni lile. Ikiwa deni lina uzito huo juu ya maiti, basi haifai tumtwike aliye hai kwa ajili ya furaha zetu.

Kijana wangu amekwisha kulipa. Ilimchukua miaka miwili baada ya kupata kazi nyingine, na shamba la ukoo lingalipo. Sasa mfukoni mwake ana kadi moja tu, ya fedha zake mwenyewe. Mwaka jana alikuja likizo, akaketi nasi chuoni wakati wa mvua, na watoto wakasoma bila ya kulowa. Alipotaka kuondoka alinipa bahasha ndogo ya kununulia juzuu. Safari hii nilimwuliza kwanza, "Mwanangu, hizi ni zako?" Akacheka, akasema, "Ni zangu, mwalimu." Nikazipokea.

Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu walioko ugenini, awaruzuku halali, na awalipie madeni yao kwa fadhila zake. Amin.