MAMA AKIISHA KUPASULIWA: TULINDE NJIA YA MKOJO



Mama akipasuliwa tumboni chini, mara nyingi anayekaa karibu na kitanda chake hospitalini ni mmoja wetu. Ni sisi tunaoteka maji, tunaopika, tunaofua nguo na kumwaga mkojo. Kisha mama anarudi nyumbani. Siku chache zinapita, anaanza kulia akienda kukojoa, na homa inamshika usiku. Majirani wanasema: "Wamemharibu kule," ao "Kuna mtu nyuma ya jambo hili." Kumbe mara nyingi ni mikrobi tu imeingia katika njia ya mkojo. Na sisi walinzi wa mgonjwa tunaweza kuizuia kwa sehemu kubwa.

Mikrobi inaingiaje?

Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, sentimeta 4 hivi. Ya mwanaume inafika karibu 20. Tena mlango wake uko karibu na njia ya choo kikubwa, mahali inapokaa mikrobi iitwayo Escherichia coli. Ndani ya matumbo kwa kawaida haina neno. Ikipanda mpaka katika kibofu, inaleta ugonjwa. Ikifika kwenye figo, ni hatari kubwa.

Mama akipasuliwa, waganga wanamwekea sonda. Ni mpira mwembamba unaoingia kibofuni na kushusha mkojo katika mfuko. Kwa njia hii kibofu kinabaki kitupu na kidonda kinapumzika. Lakini sonda ni kama ngazi iliyoachwa ukutani: mwenye nyumba anaipanda, na mwizi naye anaipanda. Kila siku moja sonda ikibaki ndani, katika wagonjwa 100 ambao mkojo wao ulikuwa safi, 3 mpaka 7 wanapata mikrobi katika mkojo. Si wote wanaougua, lakini hesabu inapanda kila siku.

Mama anayeogopa maji

Hapa kwetu mashariki mwa Congo kuna wamama wanaopasuliwa sababu ya fistula. Uchungu wa kuzaa ukidumu siku mbili tatu bila msaada, kichwa cha mtoto kinakandamiza kibofu, nyama inakufa, tundu linatoboka, na mkojo unatoka wenyewe mchana na usiku. Wengine walipata tundu hilo kwa ukatili wa vita. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, imejulikana ulimwenguni kwa kuwatengeneza wamama hawa, na mwaka 2018 Mukwege alipewa Zawadi ya Nobel ya Amani.

Sasa sikieni jambo ambalo wengi hawalijui. Mama mwenye fistula anajizoeza kutokunywa. Anafikiri: nikinywa kidogo, nitalowa kidogo, watu hawatanikimbia. Pengine amefanya hivi miaka mingi. Akiisha kupasuliwa, desturi ile inakuwa adui yake. Mkojo unakuwa mzito na mchache, sonda inaziba, kibofu kinajaa, uzi wa kidonda unaweza kukatika, na mikrobi inapata mahali pa kuzaana. Basi kumwambia tu "Kunywa!" hakutoshi. Kaa naye, mpe kikombe, umweleze kwa upole ya kuwa maji sasa ni dawa yake.

Kazi yetu kando ya kitanda

1. Anywe. Maji yachemshwe, yapozwe, yakae ndani ya chombo chenye kifuniko. Anywe mchana kutwa mpaka mkojo uwe mweupe karibu kama maji. Ukiwa na rangi ya chai, bado. (Mwenye ugonjwa wa moyo ao figo afuate kipimo cha muganga.)

2. Mkojo ushuke. Mpira usikunjwe, wala mgonjwa asiulalie. Mfuko ukae chini ya kibofu sikuzote, hata akitembea, lakini usiguse sakafu.

3. Kitanda kikauke. Mkojo ukiacha kushuka, ao shuka likilowa, ita muuguzi mara moja, hata usiku wa manane. Usivute mpira wewe mwenyewe.

4. Mikono isafishwe kwa sabuni kabla na nyuma ya kugusa mfuko. Usiufungue mpira mahali ulipoungana na mfuko. Kila siku mama aoshwe sehemu ya nje kwa maji safi na sabuni.

Sonda itoke lini?

Isikae kuliko lazima. Kwa mama aliyezaa kwa kupasuliwa, mara nyingi inatoka katika saa 24. Fistula inaomba siku zaidi. Zamani wengi walingoja siku 14. Lakini uchunguzi uliofanywa katika nchi 8 za Afrika, Congo yetu ikiwa ndani, ulitangazwa mwaka 2015: kwa fistula nyepesi siku 7 zinatosha, na kidonda kinapona vilevile. Mwenye kuamua ni muganga, si sisi.

Nyumbani

Mama asibane mkojo. Aende kila baada ya saa mbili tatu. Akijipangusa, aanzie mbele kwenda nyuma. Asiingize majani, sabuni wala dawa yoyote ndani. Mume naye angoje mpaka waganga waruhusu.

Kukojoa kukiunguza, ao haja ikija mara kwa mara na mkojo ni matone tu, aende kituo cha afya. Akiwa na homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya kiuno ao kutapika, aende siku ileile. Msimnunulie vidonge viwili vitatu sokoni. Dawa isiyo yake, ao isiyomalizwa, inafundisha mikrobi kuishinda dawa, na kesho itamkosa yeye na wengine.

Neno la mwisho

Safari ya kutoka Kasongo mpaka kwa waganga wa fistula ni ndefu, na mama ameivumilia kwa mateso. Isiwe kwamba kazi yote ya upasuaji inaharibika kwa kukosa kikombe cha maji na kipande cha sabuni. Vitu hivi viwili havingojei diploma. Viko mikononi mwetu.