Tusiihukumu Mita kwa Namba Moja

Kazi yangu ni ufundi wa vyombo vya kupimia katika mitambo ya maji. Leo napenda kueleza namna ya kupima vihami vya mita ya sumaku, kwani kazi hii ikifanywa ovyo, mita nzima hutupwa bure.

Mita hii haina gurudumu lizungukalo. Ni bomba la chuma lenye bitana ya mpira au plastiki kwa ndani. Nje ya bitana kuna koili za kufanyiza sumaku, na ubavuni, kulia na kushoto, kuna vichwa viwili vya chuma viitwavyo elektrodi, ambavyo hugusa maji. Maji yapitapo katika sumaku huzaa umeme, kwa kanuni aliyoivumbua Michael Faraday mwaka 1831. Kadiri maji yaendavyo kasi, ndivyo umeme uzidivyo. Lakini umeme wenyewe ni sehemu za elfu za volti, au pungufu. Ukivuja kidogo tu, hesabu ya maji huharibika.

Kuvuja huko twakutafuta kwa Megger, chombo kipelekacho volti 500 na kuonyesha, kwa omu, jinsi kihami kinavyouzuia umeme. Namba kubwa ni afya, namba ndogo ni ugonjwa. Lakini ugonjwa wa nani? Umeme hupita popote penye njia, wala Megger haisemi ni njia ipi. Basi sharti tutenganishe viungo, tupime kimoja kimoja.

Kwanza zima umeme, ufungue nyaya zote ziendazo kwenye sanduku la kusomea hesabu, maana volti 500 zikiingia humo zitaliua. Na mahali penye gesi iwezayo kulipuka, usitumie Megger kabisa.

Anza na koili. Kwa mita ya kawaida ya omu, koili nzima huonyesha makumi ya omu, au mia na kitu. Pasipokuwa na njia kabisa, waya umekatika. Kisha tumia Megger kati ya koili na ardhi. Hapo pawe na mamilioni mengi ya omu.

Halafu elektrodi. Bomba likiwa na maji, maji yenyewe huiunga elektrodi na ardhi, nawe utapata maelfu ya omu tu. Huo si ugonjwa hata kidogo! Toa maji, safisha bitana, iache ikauke, ndipo upime kwa Megger. Mita nyingi hutakiwa kuzidi omu milioni 100, lakini mwamuzi ni kitabu cha mtengenezaji.

Mwisho waya mrefu, uliofunguliwa ncha zote mbili. Ukimaliza, gusisha ncha hizo na ardhi, kwa kuwa waya huweka umeme uwezao kumpiga mtu.

Katika kiwanda kimoja nilikuta mita iliyokwisha kuandikiwa kufa, kwa kuwa koili na ardhi zilionyesha omu 40,000 tu. Tulipotenganisha, koili ilikuwa nzima. Maji ya mvua yalikuwa yameingia katika kisanduku cha kuunganishia nyaya, kwa sababu mpira wa kifuniko ulipasuka. Tulikausha, tukatia mpira mpya, mita ikarudi kazini siku ile ile. Bei ya mpira ule na bei ya mita ni kama yai na ng'ombe.

Ikiwa baada ya kukausha namba haipandi, hapo kweli kihami kimeharibika, au maji yamepenya nyuma ya bitana, na mita ipelekwe kwa watengenezaji.

Basi nyinyi mtakaoshika ufundi huu, kagueni vifuniko kabla ya masika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.